Antena Iliyopungua

Yaya hakuwa dada yangu wa tumbo moja. Alinizidi umri kidogo, nikamwita hivyo, yaani dada mkubwa, tangu siku nilipoanza kazi naye katika ofisi ya parokia, Dilala, mjini Kolwezi, Katanga. Yeye alizaliwa Musonoi, mtaa wa wachimbaji wa hapo hapo. Babu yake aliletwa na kampuni kutoka Kasai kuchimba shaba. Mimi natoka Sandoa. Tulikaa meza moja miaka mingi, na sikumbuki kama asili zetu ziliwahi kutuletea neno, isipokuwa utani.

Kazi yetu ilikuwa foni, ile redio ya kuongea na misioni za mbali, pamoja na kompyuta. Mhandisi mmoja mgeni, alipoondoka nchini baada ya uporaji wa askari, aliiachia parokia kompyuta yake. Hata wakati ule ilikuwa ya zamani: kibodi nene, na ndani ya kibodi hiyo ndimo kompyuta yenyewe ilimokaa, kioo chake kilikuwa televisheni ya kawaida. Kati yake na redio kulikuwa na kisanduku, modemu. Ukiandika ujumbe, modemu iligeuza herufi kuwa milio, redio ikairusha hadi misioni ya Kasai, na huko modemu yao ikairudisha kuwa herufi. Ilitufaa sana, kwa kuwa sauti ya mtu mara nyingi ilimezwa na kelele za hewani. Yaya aliiita mashine hiyo "mugonjwa wetu". Kila asubuhi aliifunua kitambaa na kuiuliza imelalaje.

Kisha kampuni ikaanguka, mishahara ikakatika, na wenye siasa wakatafuta wa kulaumiwa. Wakasai wakaambiwa warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapa. Yaya, watoto wake na mama yake mzee walitolewa katika nyumba ya kampuni aliyowaachia marehemu baba yake. Wakaenda kulala gare, kwenye stesheni, chini ya turubai, kati ya mamia ya familia zilizokuwa zikingoja treni.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye bomba la parokia akinawa miguu.

"Yaya, unakuya tena ku kazi?"

"Mi nitabaki ku gare kufanya nini? Kuangalia reli?"

Akaingia, akafunua kitambaa, akamsalimu mgonjwa.

Siku zile kazi yote ilikuwa ujumbe wa watu wa gare. Walipanga foleni mlangoni wakiomba tuwaandikie ndugu zao wa Kasai: tunakuja, mtatupokea? Wengi hawakuwahi kuwaona ndugu hao. Mzee mmoja alituambia, "Mumuambie tu mimi ni mutoto wa dada yake mwenye kucheka sana."

Ndipo mawimbi yakaanza kudhoofika. Majibu yalifika yamevunjika, kisha kioo kikajaa alama zisizo na maana. Mama mmoja wa foleni alichungulia akauliza, "Ile ni luga gani?"

"Ya modemu, mama," yaya akajibu. "Na yeye mwenyewe haisikie."

Tulijaribu kila tulichojua. Tuliisogeza televisheni mbali na redio, maana nayo hutoa kelele. Tulisafisha plagi. Tulimwaga maji penye chuma cha ardhini, kwa kuwa udongo mkavu huidhoofisha redio. Watu wa foleni wakatuchotea ndoo kwa ndoo mpaka pakawa tope. Tulibadili saa za kupokea. Hali ikabaki ileile.

Yaya akatoka nje, akatembea polepole chini ya antena, uso juu. Ilikuwa waya wa shaba uliotoka kwenye paa hadi kwenye mkalitusi nyuma ya kanisa. Karibu na mti akasimama. Waya ulikuwa haufiki tena. Mtu alikata kipande kirefu, akaziba pengo kwa kamba ya nailoni yenye rangi ya vumbi, ili sisi tulio chini tusitambue.

"Alifunga muzuri," yaya akasema, kama anayesifu. Shaba iliuzwa, watu wakala unga, nani angeuliza? Lakini antena fupi haikuweza kuisikia Kasai vizuri. Tulizunguka sokoni na kwa mafundi. Mji mzima umekaa juu ya shaba, na sisi tulikosa waya.

Tuliporudi, yaya aliifunika mashine kitambaa. "Twende kwetu," akasema.

Nilidhani ni gare. Alinipeleka kwenye nyumba yao ya zamani. Nyuma ya nyumba, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni alikuwa anaanika nepi. Alipotuona alitusalimu kwa lugha ya kwetu Sandoa, nami nikaona haya kuitika, maana nyumba zile walipewa watu wa kwetu.

"Jambo, mama," yaya akasema. "Mi nilikuwa naikala hapa. Sikukuya juu ya nyumba. Ni juu ya ile kamba ya kuanika. Ni shaba, baba yangu njo aliifunga."

Yule mwanamke akabaki na nepi mkononi. "Mi sikufukuza mutu," akasema kwa sauti ndogo. "Balimupa bwana yangu funguo."

"Naomba kamba tu, mama."

Akazitoa nguo mbichi moja moja, akizipanga begani mwake. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Akafungua waya mwenyewe, akauzungusha, akampa yaya. Kisha akauliza, "Batoto yako beko wapi?"

"Ku gare."

Akaingia ndani, akarudi na bakuli la viazi vitamu vya moto. Nilijua yaya atakataa. Akavipokea kwa mikono miwili.

"Mulango ya jikoni," yaya akamwambia, "mvula ikinyesha inavimba. Uinue kwanza, kisha usukume."

Njiani mimi nilibeba waya, yeye bakuli kichwani. Alilia bila kuinama, viazi visianguke.

Tuliusugua waya kwa mchanga hadi ukang'aa, tukauunga na ule wa antena, na mlinzi wa parokia akapanda mti kuukaza. Yaya akaandika salamu, tukangoja. Kioo kikajibu, herufi kwa herufi: TUNAWASOMA. ENDELEENI. Foleni yote ikapiga vigelegele. Si kila mtu alipata jibu siku zilizofuata, lakini yule mzee alipata. Mjomba wake alikuwa amefariki; watoto wa mjomba walisema watakuja kumpokea.

Treni ya yaya nayo ikafika. Aliniaga akinikemea kuhusu vumbi kwenye kibodi. Baada ya majuma kadhaa nikapokea ujumbe wake wa kwanza, safi, bila herufi iliyovunjika: TUMEFIKA. MAMA MZIMA. HAPA WANANICHEKA, WANASEMA NAONGEA KAMA MTU WA KATANGA.

Nilicheka peke yangu ofisini hadi padri akaja kuuliza kuna nini.

Hakurudi tena kuishi Kolwezi. Alifungua kiduka cha kupiga chapa Mwene-Ditu, huko huko Kasai, na binti yake wa mwisho alimpa jina langu. Mtoto huyo, nasikia, ni mbishi kupita kiasi.