Nilizaliwa Kata Nne

Vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia havinyooki. Cha shahada kilivunjikia Kibingo, kwenye kona, pale beki wangu mwenyewe aliponikanyaga. Vile vingine viwili sikumbuki, maana ukiwa kipa wa kukodiwa huna muda wa kuuliza mfupa umevunjikia kata ipi. Unafunga kitambaa, unatema mate, unarudi golini. Siku hizi nikimpa mtu mkono ananitazama kama namfinya makusudi. Wengine kweli nawafinya.

Kudaka sikufundishwa na kocha. Nilikuwa mpakiaji wa ndizi Bugomora. Nasimama juu ya Fuso, jamaa wawili wako chini wanarusha mikungu, mimi nadaka na kupanga. Mkungu haudakwi kwa viganja, utakuvunja. Unaupokea kwa kifua, unarudi nao nyuma kidogo, ndipo unaukumbatia. Ukiuangusha ndizi zinapasuka, na mwenye mzigo anakutukana wewe na ukoo wako wote. Jioni moja tumemaliza kupakia, vijana wa kata wako mazoezini uwanja wa jirani, kipa wao hakutokea, wakaniita kwa utani. Nikadaka kila kilichokuja. Jamani, mpira mbele ya mkungu ni andazi tu! Toka siku hiyo nikawa kipa.

Huku kwetu, kahawa ikishavunwa, kata zinashindania ng'ombe. Sheria ni moja: kila mchezaji awe mzaliwa wa kata anayoichezea. Kabla ya mechi timu zinapanga mstari, na upande mmoja ukimtilia mtu shaka unaweka pingamizi. Hapo anatoka mzee wa kata ile, mtu wa heshima zake, anamwekea mchezaji mkono begani na kusema kwa sauti, "Huyu ni wetu. Kazaliwa kwetu, mimi ni shahidi." Imekwisha. Nani atabishana na mzee mbele ya watu?

Na wazee wetu walikuwa wanadanganya bila kupepesa macho. Kata ikitaka kipa, bodaboda inakuja kunichukua asubuhi, nakula ndizi na nyama kwa mzee, na mchana mzee yule yule ananiwekea mkono begani. Kibingo nilizaliwa kwenye kibanja cha mzee mmoja mwenye kikohozi, katikati ya migomba yake. Kata nyingine nilizaliwa nyuma ya kanisa. Ya tatu ndiyo ilikuwa kiboko: mzee alinogewa hata akasema kitovu changu alikizika yeye kwa mikono yake. Mimi nimesimama pale, uso mkavu, tumbo linacheka.

Kuzaliwa kwa kweli nilizaliwa Bugomora, kwenye kibanda pembeni ya shamba la kahawa la mtu. Baba na mama walivuka mto kutoka Rwanda wakiwa vijana, wakawa vibarua, wakalima vibanja vya wenzao mpaka migongo ikapinda. Mama alifariki mapema. Baba alibaki na jembe lake, na Kiswahili ambacho ukikisikia neno la kwanza tu unajua mtu ametoka ng'ambo.

Nikidaka, nilikuwa "mtoto wetu". Nikifungwa, loo! Kulikuwa na mama mmoja muuza karanga, hakosi mechi, sauti yake inafika goli la pili. "Rudi kwenu, Mnyarwanda wewe! Mto uko kule!" Na mkono ananyoosha, kana kwamba mto siujui. Uwanja mzima unaangua kicheko. Mechi ikiisha ananiita kwa upendo, ananiuzia karanga, tena ananiongezea. Nilimchukia yule mama, haki ya Mungu, na karanga zake nilikula.

Ukaja mwaka ambao fainali ilichezwa Kayanga. Habari zikaenea kwamba kocha wa timu ya ligi atakuwepo, anatafuta kipa wa kumpeleka kwenye majaribio. Kipa mmoja tu. Sikulala vizuri toka niliposikia. Nilijua nikionekana siku ile, mikungu ndiyo basi, na baba anaweka jembe chini. Na bahati iliyoje: fainali ile nilikuwa naichezea Bugomora, kwetu kabisa. Kwa mara ya kwanza mzee wa kunithibitisha hangehitaji kusema uongo. Nikamwambia baba, twende ukanione. Hakuwahi kuniona nikicheza hata mara moja. Akavaa koti lake la kanisani, akapaka viatu mafuta ya kupikia ving'ae.

Tulipanga mstari. Tuliokuwa tunacheza nao ni Kibingo. Kapteni wao, ambaye msimu uliopita tulilala chumba kimoja na kugawana shuka, akatoka mbele akaninyooshea kidole.

"Tunaweka pingamizi kwa huyu. Mwaka jana alitudanganya kuwa ni mzaliwa wa kwetu. Leo tena ni wa Bugomora?"

Alitudanganya! Mimi! Nikatamani kumrukia pale pale. Msimamizi wa mashindano akamwita mzee wetu. Huyu mzee, baba alimlimia kibanja toka mimi sijazaliwa. Mke wake ndiye aliyemshika mama mgongo siku ya uchungu wa kunizaa. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi, na mara hii kilikuwa cha kweli. Akanisogelea, mkono ukaanza kupanda kuja begani, kisha akageuka akatazama benchi la mbele. Pale walikuwa wamekaa wale wazee wengine watatu, wamekuja kwa ajili ya nyama ya ng'ombe. Akisema mimi nimezaliwa kwake, amewaita waongo wote watatu mbele ya viongozi na maaskofu waliokuja kutoa zawadi. Wakatazamana. Mkono ukashuka.

"Huyu alikuja kupakia ndizi tu," akasema. "Kwao sikujui."

Wale wa benchi wakapumua. Wa kikohozi akasema hata yeye nilimdanganya. Wa kanisa akatikisa kichwa kwa huzuni, mnafiki mkubwa. Na yule aliyezika kitovu changu akasimama kabisa, akasema vijana wa siku hizi hawana haya. Mtu aliyezaliwa kata nne akawa hajazaliwa popote.

"Basi nani hapa anamjua?" msimamizi akauliza.

"Baba yangu yule pale," nikasema.

Watu wakampisha. Akaja polepole na viatu vyake vya mafuta, vumbi limeshavishika. Msimamizi hakuwa mtu mbaya, alimwamkia vizuri, shikamoo mzee, kisha akamuuliza, "Huyu ni mwanao? Alizaliwa wapi?"

Baba akavua kofia. Mimi nilijua anaona nini. Aliwahi kumwona jirani yetu akipakiwa na askari kwenye lori na kuvushwa mto, maharage yake bado yako jikoni yanachemka. Akikubali mimi ni wake, swali linalofuata ni yeye ametoka wapi. Nikamwambia kwa macho, baba, sema. Neno moja tu, sema.

"Simjui," akasema.

Na hata neno hilo lilimsaliti jinsi lilivyotoka. Yule mama wa karanga akalidaka hewani. "Na huyu naye ni wa kule kule!" Watu wakacheka mpaka wengine wakashika magoti. Baba akasimama katikati ya kicheko kile, kofia mkononi, hajui aende upande gani.

Nikavua glavu. Akazivaa kipa wa akiba, kijana mpole, akacheza mechi yangu. Alidaka vizuri, nisiseme uongo. Kocha akamchukua yeye, na kijana akaondoka na glavu zangu. Hakuna aliyemuuliza kazaliwa wapi.

Tulirudi Bugomora kwa gari moja, baba kiti cha mbele, mimi nyuma, maana ndani walikuwemo watu wa uwanjani na sisi tulikuwa hatujuani. Nyumbani akapika, akaniwekea chakula, akasema kwa lugha ya kwetu, "Ungekuwa wewe ungesemaje?" Nikaiacha sahani, nikatoka. Nilirudi juu ya Fuso, na bado nilikuwa nakodiwa, maana msimu uliofuata bodaboda zilikuja kama kawaida na wazee wakaniwekea mikono begani bila aibu. Nikawa nacheza kwa hasira. Nilivunja pua ya mshambuliaji mmoja na sikujuta. Lakini baba nilimnyima maneno. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, basi. Miaka ikapita hivyo, ndani ya nyumba moja.

Mwaka huu baba alifariki. Tulimzika pembeni ya kibanja, watu wakajaa, Walutheri na Wakatoliki, hata mama wa karanga alikuja akalia kwa sauti yake ile ile. Kabla ya udongo mzee wetu akasimama, sasa anatembelea fimbo. Akasema marehemu alikuwa mtu wetu, mtu wa hapa, tumeishi naye kama ndugu. Kisha akanisogelea na kuniwekea mkono begani.

"Na huyu ni mwanawe. Kazaliwa hapa hapa, mimi ni shahidi."

Watu wakaitikia amina. Nikauangalia ule mkono, mwepesi.

"Mzee, leo hakuna mechi," nikamwambia. "Unanithibitisha kwa nani?"

Akauondoa. Nikawageukia watu, nikasema kwa sauti ya kufika goli la pili, "Huyu ni baba yangu. Mimi namjua." Kisha nikashika koleo kwa vidole vyangu visivyonyooka, nikaanza kumfukia.