Kisanduku cha Saa na Feni ya Baba Seidu

Mhandisi wetu hapa Kumasi hutengeneza visanduku vidogo vinavyopokea saa kutoka kwenye setilaiti na kuzigawia kompyuta za mabenki, lakini mwenyewe havai saa. Kila jioni humuuliza mlinzi, "Baba Seidu, saa ngapi sasa?" Vidole vyake ni vinene kama vya mtwanga ugali wa fufu, ila akichomelea kifaa kidogo kama punje ya mtama, hata pumzi huibana. Ndani ya kisanduku kuna kipande cha fuwele kinachohesabu sekunde setilaiti ikipotea, nacho lazima kikae na joto lilelile, lisipande wala kushuka.

Jumamosi aling'oa waya wa antena ili aijaribu fuwele peke yake, akaenda mazishini. Jumapili alirudi na nguo zake nyeusi za msiba, maana mteja alikuwa anakuja kesho yake. Akakuta saa ya kisanduku imeteleza, hailingani tena na ya setilaiti.

"Nani kaelekeza feni hapa?"

"Ni mimi, mwanangu. Nilikigusa kisanduku, kinachemka kama kina homa. Nikakionea huruma."

Mimi, msaidizi wake, nikajua leo mzee anafukuzwa. Mhandisi akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi kila benki ina Baba Seidu wake, atakayekipulizia feni!" Akakata kopo la sadini, akachana pindo la kitambaa chake cha kichwa akalitandika ndani, akaifunika fuwele taratibu kama anayemfunika mtoto. Kisha akageuka.

"Haya Baba, tuijaribu tena: washa feni yako. Weka ile namba ya mwisho kabisa."