Tela Lisilopinduka

Shemeji yangu Hilaire ni seremala mzuri mwenye kichwa kigumu. Nasema hivyo nikiwa nampenda. Vijana waliokuwa wakigombea mashamba, upande wa pili wa mto, waliisukuma nyumba yake ya udongo mpaka ukuta ukaanguka, wakamkata mapanga kaka yake Constant mbele ya macho yake, kisha wakachoma kilichobaki. Hilaire na dada yangu Fanny walivuka kuja Kisangani, wakalala kwangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hilaire alishtuka kwa nyundo na misumari.

Uani kwangu alijenga chumba kidogo cha mbao, bati juu, kitanda cha kukunja ndani. Mpango ulikuwa kukiweka juu ya tela, wakalale humo shambani kwao msimu wa mpunga, na fujo zikianza tena wakivute kwa pikipiki yao ya magurudumu matatu waondoke. Kilichobaki kilikuwa tela lenyewe.

Tulikwenda watatu kwa Feruzi, fundi wa vyuma. Alikuwa na mawili. Dogo lilitengenezwa kwa ekseli ya pikapu ya zamani, na watu wawili wangelisukuma huku wakipiga soga. Kubwa lilikuwa la trekta la shamba la michikichi: ekseli mbili, vyuma vinene kama paja. Hilaire alilipiga nyundo, akalirukia, akalisukuma kwa bega. Halikutikisika. Akatabasamu, nami nikaogopa.

“Papa Hilaire, hii kubwa iko nzito sana,” Feruzi alisema. “Utavuta na tricycle, si camion. Bon, kamata hii kidogo.”

“Hii hakuna mutu atapindua.”

“Alors, siku ya kukimbia?”

Kusikia neno kukimbia, Hilaire alimpiga spana ya uso. Jino likaruka, damu ikamwagika kwenye fulana. Fanny alimvuta mumewe kwa shati huku akimtukana, mimi nikamwomba Feruzi radhi. Naye akatema damu, akasema, “Kamata. Beba kaburi yako.”

Tulikiweka chumba juu yake, na lori la rafiki wa Hilaire likalivuta, kwa kivuko, mpaka shambani. Nilikwenda nao kupanda mpunga. Mvua ikanyesha, magurudumu yakazama, na Hilaire akafurahi, eti sasa nyumba imekaa.

Mchana mmoja tukasikia filimbi na makelele, moshi ukapanda kwa majirani. Fanny alifunga tela nyuma ya pikipiki yao ya magurudumu matatu, akaiwasha. Injini ililia, matope yakaturukia, tela halikusogea hata kidogo. Tulisukuma. Nilisukuma mpaka nikajikojolea, na sioni aibu kusema. Mwishowe Fanny akafungua kamba.

“Hilaire, panda!”

“Mi sitoke hapa! Waliua Constant nikiangalia!”

Alisimama mlangoni pa chumba chake na shoka, na kijana wa kwanza alipotokea migombani, alimpasua bega. Yule kijana alilia akimwita mama yake. Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine, wengi.

Fanny alichukua mchi wa kutwangia pondu, yale majani ya mihogo, akampiga mumewe kisogoni. Alipiga kwa nguvu zake zote, maana kumpiga nusu nusu kusingetusaidia. Hilaire akaanguka, tukamtupa nyuma ya pikipiki kama gunia la mihogo. Panga lilishuka karibu na mkono wangu. Nikampiga teke la uso aliyelishika, nikasikia pua ikivunjika, na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi sana.

Hilaire alizinduka katikati ya mto, ndani ya mtumbwi wa injini, damu imekauka shingoni. Kule tulikotoka moshi mweusi ulikuwa unapanda.

“Nyumba?” aliuliza.

“Iko pale pale,” Fanny alisema. “Hakuna mutu amepindua.”

Nilidhani atampiga. Akamkumbatia miguu, akalia akiita jina la Constant mpaka tukafika ng'ambo, na hakuna aliyemwambia anyamaze.