Sashe yangu ya kuua mikrobe

Juzi, kwenye bandari ya Baraka, mama mmoja alikuwa anampelekea binti yake aliyejifungua kule Ubwari samaki wa kuchoma. Risasi zikalia ng'ambo, boti ikaahirishwa hadi kesho. Mimi niliacha masomo ya école mapema, lakini mambo nayajua! Nikamtolea sashe, mfuko wa plastiki wa kisasa wa kuhifadhia samaki, wenye chembe za madini ya fedha zinazoua mikrobe, macho hayazioni.

“Kama haionekani, we ulijuaje iko?” akauliza, akaipokea.

Asubuhi akafungua, akanusa, akatabasamu.

“Unaona, Mama? Sashe yangu!”

“Mutoto wangu, niliogopa itaharibu samaki. Nilimufunga kwanza na majani ya mugomba, mara tatu.”

Sashe akaenda nayo, ati itabeba nepi za mujukuu. Wasomaji, nawaapia: nepi hizo hazitanuka.