Fungu la Wifi

Fundi cherehani na kaka yake, fundi rangi, walinunua nyumba ya vyumba viwili wakiwa bado vijana, kabla hawajaoa wala kuolewa. Siku ya kuandikisha, karani, mama wa makamo, aliwaeleza taratibu.

"Kuna namna mbili. Mkimiliki kwa pamoja, mmoja akifa, nyumba yote inabaki kwa mwenzake. Mkimiliki kwa mafungu, kila mtu ana lake, na akifa linakwenda kwa warithi wake."

Kaka akacheka. "Mama, sisi tumenyonya ziwa moja, utatugawaje? Andika pamoja!"

"Ila kufa utangulie wewe," dada akamtania. "Mimi nina nguo za watu."

Wakatia saini.

Kaka akaja kuoa, akapata mabinti wawili, wote wakaishi humo. Hakuna aliyeikumbuka ile karatasi. Mwaka huu ngazi iliteleza akiwa kazini, na Mungu akamchukua, brashi ingali mkononi.

Msiba ulipokwisha, fundi alikwenda ofisini na wifi yake. Karani akafungua faili, akashusha sauti. "Nyumba yote sasa ni yako, dada. Mjane hana fungu hapa."

Wifi hakusema neno njia nzima. Fundi naye akanyamaza. Moyo ulimuuma, lakini alitaka kwanza apate karatasi mkononi ndipo aseme. Maneno matupu aliyaona mepesi mno kwa mtu aliyefiwa. Siku nne alitoka alfajiri bila kuaga, akishinda ofisini. Siku ya nne akapewa fomu mpya, kwa mafungu: nusu yake, nusu ya wifi. Ilibaki saini ya wifi tu.

Alirudi mbio. "Wifi! Wifi, njoo uone!"

Chumba kilikuwa kimefagiwa, vitanda vitupu. Ufunguo ulikuwa juu ya cherehani.

"Ameondoka na watoto mchana," jirani akasema kutoka dirishani. "Anasema hangoji kufukuzwa, maana wifi yake hata salamu anamnyima."

Fundi akapiga magoti pale pale. "Ee Mungu, ulinipa kinywa. Nilikuwa nakiwekea nini?"

Akailaza fomu juu ya cherehani, na kalamu juu yake. Hadi leo iko pale pale. Nguo za watu anazishona kwa mkono, asije akaisogeza.