Kilo Themanini na Mbili za Mama

Kwenye chumba cha pasi cha hoteli hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Chapchap, na jina hilo lilimkaa vizuri kama shati lililotoka mkononi mwake. Mashati arobaini kabla ya chakula cha mchana, mashuka yasiyo na idadi baada yake, na mdomo nao haukukubali kuachwa nyuma na mkono. Alikula amesimama. Wenzake walidai hata usingizini huota mbiombio, awahi ndoto ya pili.

Mtu wa namna hiyo ukimpa chuma anyanyue, umejitafutia kazi.

Habari ya vyuma ilianza kwa mama yake mzazi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye ulimi kama wembe. Miguu ilikuwa imemwishia nguvu mwaka juzi, na tangu hapo kila asubuhi Chapchap alimtoa kitandani na kumketisha kwenye kiti cha magurudumu, dirishani. Hapo mama aliusimamia mtaa mzima: nani kachelewa kazini, nani ana viatu vipya, nani hasemeshani na mkewe. Jioni ikawa safari ya kurudi kitandani. Mama alikuwa na kilo themanini na mbili. Chapchap alikuwa na hamsini na sita, tena ukimpima na koti.

Kaka yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine, alikuwa ameshasema lake kwa simu.

"Mdogo wangu, siku utakayoshindwa kumnyanyua, namchukua. Sitaki kusikia mmeanguka wote wawili."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na nyumba nzuri, kubwa, ila iko ghorofa ya sita na dirisha lake linatazama ukuta wa jengo jingine.

"Nikakae nitazame saruji?" mama aliuliza. "Saruji itagombana na nani?"

Ndipo Chapchap akapanda ghorofa ya juu kumgongea jirani yao, jitu la miraba minne lililokuwa na ukumbi wa mazoezi ndani ya ghala la zamani la matairi. Mtaa mzima ulimwita Kocha.

"Mara tatu kwa wiki, dada," Kocha alisema. "Nipe miezi minne. Utambeba mama kama mto wa kulalia."

Wiki ya kwanza alikwenda mara tatu. Ya pili mara moja, maana hoteli ilipokea watu wa mkutano na kila mmoja alikuja na mashati kama anayehama nchi. Ya tatu mafua. Ya nne bomba la ghalani lilipasuka, Kocha akawa anafundisha watu kupiga deki. Ya tano alijiandaa vizuri kabisa, akafunga kamba za viatu, akakaa kwenye kiti avute pumzi kidogo, akaamka kumekucha na viatu vyake miguuni. Na kila aliporudi baada ya kukosa, alitaka kufidia yote kwa siku moja.

"Dada, punguza moto," Kocha alimwambia. "Misuli si mashati."

"Kocha, mimi nikijivuta nasinzia."

Bega liliumia Jumanne. Chuma kilikuwa cha kilo ishirini, cha kupandisha juu ya kichwa mara nane, na siku hiyo walikuwepo wanawake wawili wageni wanaotazama. Chapchap alikipandisha kama anayekung'uta shuka. Mara ya sita bega la kulia likatoa mlio wa soda inayofunguliwa, chuma kikashuka chenyewe kutafuta sakafu, na Kocha akaruka kunusuru vidole vyake vya miguu.

Daktari wa viungo, mzee wa maneno machache, alimbonyezabonyeza, akamwambia kano imevimba lakini haijakatika. Wiki nane, mazoezi mara mbili kwa siku. "Mengine nimeandika," alisema, akampa karatasi na ukanda wa mpira. Kalamu yake ilikuwa inavuja, na kila alipoiinua iliacha nukta. Kwa hiyo nyumbani, chini ya kila zoezi, Chapchap alisoma: Vuta mpira mara kumi na tano. Pole. Pole.

Ziko lugha ambazo neno la kumliwaza mgonjwa na neno la kumwambia aende taratibu hayajuani hata kwa salamu. Hii yetu imeyapanga chumba kimoja. Na wiki ile Chapchap alikuwa amepewa pole na wapishi, walinzi, muuza magazeti na meneja ambaye kwa kawaida hakuwa na la kumwambia mtu. Ya daktari ingemshangazaje?

"Mama, daktari huyu ana utu! Kila zoezi kanipa pole mbili."

"Wa siku hizi hawako hivyo," mama alikubali.

Basi asubuhi na jioni Chapchap aliufunga mpira kwenye kitasa, akavuta mara kumi na tano kwa sekunde kumi, kisha akaigeukia karatasi: "Asante daktari, nimeshapoa."

Lakini bega halikupoa. Wiki ya tatu likaanza kumwamsha alfajiri. Kumnyanyua mama ikawa kazi ya Kocha, aliyeshuka asubuhi na jioni huku wateja wake wakimsubiri nje ya ghala lililofungwa. Kaka alikuja kuyajua hayo kwa mama mwenyewe, ambaye kwenye simu alishindwa kujizuia.

"Siku hizi nanyanyuliwa na jitu moja, mwanangu! Mikono kama nguzo!"

"Jitu gani, mama?"

Mama aliuma ulimi, lakini alikuwa amechelewa. Kaka akatangaza kwamba mwisho wa mwezi ujao anakuja na gari.

Siku ya pili yake Kocha aliposhuka, alimkuta Chapchap akiuchapa mpira ule mpaka kitasa kinalia. Akaichukua karatasi ukutani.

"Nani kakwambia uvute hivi? Hapa kumeandikwa mara kumi na tano, polepole."

"Soma vizuri, Kocha. Pole, nukta, pole. Ananipa pole."

Kocha aliisoma tena. Kisha akaegemea ukuta, akateleza nao mpaka chini, mabega yakimtikisika. Mama alicheka hadi kiti kikaanza safari.

"Wiki tatu!" alisema akifuta machozi. "Wiki tatu mtoto wangu anaishukuru karatasi!"

Sasa kazi ikawa ni huo upole wenyewe. Alitakiwa kuhesabu tano kila anapouachia mpira urudi, ila tano ya Chapchap ilikuwa mbili ya watu wengine. Kocha alijaribu saa ya mkononi, akashindwa. Aliyeweza ni mama, kutoka dirishani.

"Moja... ah, yule wa duka la dawa kanyoa ndevu... mbili... hakupendeza..."

"Mama, sema tatu!"

"Ngoja, wanasalimiana."

Kwa habari za mtaa bega likaanza kupona. Jioni, ghalani, Kocha alimpa kazi ya magoti na mapaja. "Anayeumwa ni bega," alisema. "Miguu ina udhuru gani?" Alikosa siku, naam, hoteli haikuacha kupokea wageni. Lakini akikosa Jumatano, Ijumaa alifanya ya Ijumaa tu. Mwezi ulipokaribia kwisha Kocha alisema Jumatatu watajaribu kumnyanyua mama, naye atasimama karibu.

Kaka alifika Jumapili asubuhi, gari limejaa mablanketi. Mama alikuwa bado kitandani, mkanda wake wa kunyanyulia umefungwa kiunoni, akimsubiri Kocha.

"Hakuna haja ya jitu," kaka alisema, akakunja mikono ya shati. "Mimi mwenyewe nipo."

"Kaka, piga magoti kidogo, shika mkan..."

Alishamshika mama kwapani, mgongo umepinda kama ndoano. Akavuta. Mama akanyanyuka nusu, na hapo hapo kaka akatoa sauti ambayo hakuna aliyeijua kwake.

"Yalaa! Mgongo!"

Hakuweza kupanda wala kushuka. Mama alikuwa ananing'inia kwenye shati la kaka, kati ya kitanda na kiti. Chapchap alimsukuma kaka kwa nyonga, akakunja magoti, akaushika mkanda kwa mikono miwili. Alisukuma kwa mapaja. Mama akasimama. Akamgeuza hatua ndogo, hatua ndogo, kisha akaanza kumshusha, na hakuharakisha. Kilo zote themanini na mbili zikapita mikononi mwake moja moja hadi kiti kikazipokea. Bega lilinung'unika tu. Halikupiga kelele.

Mama alijiweka sawa, akatazama chini sakafuni, alikoporomokea mwanawe wa kwanza, akikodolea dari.

"Wewe ulikuja kunyanyua au kung'oa?"

"Mama, usinichekeshe, naumia."

Chapchap alimwekea mto chini ya magoti. Kaka alimtazama mdogo wake, akatazama kiti, akaomba simu yake.

"Mke wangu," alisema, bila kugeuza shingo, "kile kitanda tulichomwandalia mama kikunje. Hapana, hajambo kabisa, yuko dirishani. Mimi ndiye nitakaa hapa siku tatu nne."