Jogoo wa Mgeni

Kila jioni Philipo akitoka lindo ughaibuni, kule Pearl, alirudi chumbani Al Thumama, akavua buti, akampigia simu mkewe, Peninah, nyumbani Vihiga. Siku hizo mazungumzo yao yalikuwa na mtu wa tatu.

"Fabian ametukataza mafuta. Kunde tunaunga kwa karanga. Nyama tumeacha kabisa."

Fabian alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Tangu presha imwangushe Peninah shambani, alimtia katika kikundi cha akina mama wanaotunza moyo kwa mboga, maharagwe na viazi vitamu. Kila Jumapili alimpima. Presha ilikuwa inashuka, na Philipo alishukuru, maana mama mkwe wake alikufa kwa moyo. Ila shukrani hiyo ilikuwa na kinyongo. Mbona aliyemponya mke wake si yeye?

Joram, mwenzake wa chumbani, alimcheka. "Buda, unamwonea wivu mtu wa kunde?"

"Anamshika mkono."

"Sasa ampime kwa kumwangalia?"

Ijumaa moja Peninah alisema Fabian alipita nyumbani, akala chakula cha mchana.

"Ulimchinjia jogoo?" Philipo aliuliza.

"Jogoo wa nini? Alikula mrenda kama sisi."

Philipo alisimama. Kwao mgeni huchinjiwa. Mwanamume anayekaa mezani pako, akala mboga, akanawa akaenda, huyo si mgeni tena. Huyo ni wa nyumbani. Bora angesikia Fabian amechinjiwa jogoo wote.

"Akirudi, mchinjie," alisema.

"Mtu hali nyama, Baba Chelsea. Nichinje aitazame?"

"Mchinjie tu."

Kwenye simu kuku walisikika uani, na jogoo mwekundu aliyemwacha nyumbani akawika.

"Na wewe ukija likizo Desemba," Peninah aliuliza polepole, "nikuchinjie?"

Mate yalimjaa Philipo. Miaka mitatu alikuwa amemwota jogoo huyo na mchuzi wake. Alifungua kinywa aseme ndiyo, kisha akajiona: amekaa kwenye kiti cha wageni, sahani ya nyama mbele yake peke yake, mkewe na Chelsea wakila mrenda upande wa pili.

"Usichinje," alisema.

"Utakula nini?"

"Mnachokula."

"Hakuna mafuta, nakwambia."

"Nimesikia," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu. "Kwani Fabian ana tumbo gani ambalo mimi sina?"